Mwenye Nywele Nyeusi

Kwa mwaka mmoja na ushee niliogopa maji. Sisemi mafuriko wala mito inayoshuka Meru wakati wa masika. Niliogopa maji ya kawaida kabisa: manyunyu ya asubuhi pale ninapoishi, Engutoto, jasho la shingoni, mvuke wa chai. Mwanamke mwenzangu akikung'uta mikono baada ya kunawa, mimi huyo nimesharudi nyuma hatua mbili. Watu walisema nina maringo ya uzeeni. Fundi cherehani wa sare za shule, miaka hamsini na miwili, anatembea na mwavuli kiangazi, na kwenye mkoba ana kofia mbili za plastiki, moja ya kuvaa na moja ya akiba! Niliwaacha waseme. Ningewaeleza nini? Kwamba nikilowa kichwa, mama yangu hatanijua?

Nianze na nywele zenyewe. Mvi zilinianza nikiwa na miaka thelathini na kidogo. Huo ni urithi wa upande wa baba. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na mvi kichwa kizima kabla hajazeeka, na watu wazima wa kwetu husema sura yangu na yake ni moja: paji la uso, pua, hata namna ya kusimama na mkono kiunoni. Kwa karibu miaka ishirini nilizifunika kwa rangi nyeusi za pakiti, zile unazokoroga mwenyewe kwenye kikombe. Kisha pakiti moja ikanivimbisha uso mpaka macho yakafumba, nikapelekwa hospitali nimeshikwa mkono kama kipofu. Daktari akasema ngozi yangu imekataa, nisirudie. Nikaacha. Baada ya miezi mitano nilikata ncha nyeusi zilizobaki, nikabaki na mvi tupu, fupi, safi. Kusema kweli nilijipenda. Jumamosi moja nikaenda kumsalimia mama nikiwa na kichwa changu kipya.

Mama anaishi juu ya Kikatiti, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alikoolewa akiwa msichana. Nyumba ni ya baba, na baba aliijenga kwenye kiwanja cha mama yake, hatua chache kutoka jiko la zamani. Mama anaishi na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka mwenyewe yuko kazini Tanga, huja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotawala. Kimeru alikiweka kwa ajili ya kugomba na kusali. Wakati ule alikuwa ameanza kusahau. Chumvi mara mbili kwenye mboga, miwani ndani ya debe la unga. Tulisema ni uzee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuwa tunaficha, tulikuwa hatutaki kutazama.

Siku hiyo nilipitia jikoni, nimejifunga kitambaa kwa sababu ya vumbi la bodaboda. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nikafungua kitambaa nijifute uso. Aliinua macho, ungo ukamwanguka mikononi, maharage yakatawanyika chini. Akasimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo mama," akaniambia.

Nilidhani ananitania. Nikacheka, nikasema, "Mama, ni mimi."

"Moto nilikuwa nauwasha sasa hivi," alisema. "Usimwambie mwanao. Nauwasha sasa hivi, mama."

Mwanao alikuwa baba yangu, ambaye tulimzika zamani. Na mimi, machoni pa mama, nilikuwa mama mkwe wake. Nikamsogelea nimshike, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akajikinga uso kwa kiwiko. Mama yangu mzazi alijikinga asipigwe na mimi. Sikumwitikia. Nilitoka mbio, nikaenda kujikunyata kwenye mibuni, mpaka wifi alipomtuliza akaja kunitafuta.

Bibi huyo mimi nilimpenda. Alifariki nikiwa darasa la nne, na ninachokumbuka ni ndizi mbivu alizonifichia kwenye majani makavu. Sikujua kabisa kwamba jikoni kwake alikuwa mtu mwingine. Wifi aliambiwa na majirani: bibi alikuwa akipita asubuhi na kupangusa matako ya masufuria kwa kiganja, na kikitoka cheusi, mkwewe hali siku hiyo mpaka jioni. Mama hakuwahi kutusimulia. Miaka yote ile alitulea akiwa amelifungia jambo hilo ndani, na sasa akili ilipoanza kulegea, kilichotoka kwanza kilikuwa hicho, nacho kilitoka kikiwa na sura yangu.

Jumamosi iliyofuata nilivaa wigi. Mama alilitazama kwa muda mrefu, akalichokoa kwa kidole, akamuuliza wifi, "Huyu amebeba kichwa cha nani?" Jumamosi nyingine nilifunga kitambaa mpaka chini ya nyusi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana bibi alifunga hivyohivyo. Mama alijificha chooni mpaka nilipoondoka. Nilirudi Arusha nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata wakati wa kujifungua. Nilikuwa namwogofya mama yangu, na kila nilipokwenda kumtuliza ndivyo nilivyozidi kumwogofya.

Basi nikaenda saluni. Msusi wangu ni binti wa Oldonyo Sambu, ulimi mkali, mikono ya dhahabu. Nilimweleza yote, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunikatiza. Kisha akafungua kabati akatoa chupa.

"Mama, hii haina ile dawa iliyokuvimbisha," alisema. "Lakini na yenyewe ina shida zake. Haizami ndani ya unywele. Inakaa juu juu kama mgeni asiyevua viatu, ukimkoroga kidogo tu ameondoka."

Alinijaribishia nyuma ya sikio, tukangoja siku mbili, ngozi ikatulia. Ndipo akanipaka, na alipokuwa akinipaka alinipa masharti, na kila sharti alinigonga begani kwa kitana nisije nikasahau.

"Siku tatu za mwanzo usiguse maji hata kidogo. Baada ya hapo osha mara moja tu kwa wiki. Maji ya baridi, mama, sijasema vuguvugu. Sabuni ya mche usiisogeze kichwani. Shampuu hii ya nywele za rangi, tone la kiganja, halafu mwisho jimwagie maji yenye kijiko cha siki. Jua lisikupige utosini. Ulale na kitambaa cha satini. Na yale maji ya visima vyenu vya huko bondeni, yanayowapaka meno rangi ya chai, usithubutu. Kinga maji ya mvua ndiyo uoshee. Ukiwa na adabu itakaa mwezi. Ukikosa adabu, wiki mbili tu utakuja hapa unalia."

"Na ikipauka mapema, si nije unipake tena?"

"Sikupaki. Ngozi yako imeshakataa mara moja. Kabla ya mwezi hata ukilia sikupaki."

Jumamosi hiyo nilipanda bodaboda pale Kikatiti na kofia ya plastiki chini ya helmeti. Nilipofika getini niliivua, nikasimama sina kitu kichwani, moyo unadunda masikioni. Mama alikuwa barazani. Alinitazama. Kisha, badala ya kunisalimia, akachukua kitabu chake cha nyimbo za kanisani kilichokuwa pembeni, akafungua katikati, akasoma kidogo kwa kidole, akakifunga. Akanitazama tena kichwani.

"Umechelewa," akasema. "Na mbona umekonda hivyo?"

Nililia pale pale, yeye akaniuliza kama ni mafua.

Tangu siku hiyo sikuwa na maisha mengine. Jumatatu hadi Ijumaa nilishona na kulinda rangi. Jumamosi niliipeleka kwa mama. Nilijifunza inavyokwenda. Huanza kupauka hapa kwenye panja, kisha kwenye paji la uso, kisha utosini kunatokea wekundu kama wa kutu. Wiki ya nne nilijaziliza panja kwa wanja wa macho. Usiku niliota mvua. Ibada za harusi nilizikwepa kwa sababu ya joto la umati. Na kila Jumamosi, kabla mama hajanisalimia, lazima afungue kwanza kitabu cha nyimbo. Niliona amekuwa mlokole wa ghafla. Wakati mwingine ilinikera, siwezi kudanganya: mtu nimetoka mjini, nimesimama na mkoba begani, naye anafungua wimbo kwanza.

Kisha binti yake wifi akakaribia kujifungua huko Moshi. Mtoto wa kwanza, na mila haina mjadala: mama lazima aende kumlea mzazi. Wiki tatu. Wifi aliniuliza kwa upole kama nitaweza kukaa na mama peke yangu, nami nikasema nitaweza, huku moyoni nikihesabu nywele. Jumamosi moja ni saa tano au sita za kuogopa. Wiki tatu ni kila asubuhi. Nilipakwa rangi Ijumaa, na Jumamosi nikapanda mlimani na shampuu yangu, siki, kitambaa cha satini na furushi la kola za kushona kwa mkono.

Wifi alinipa maelekezo getini, bodaboda inamsubiri, mguu mmoja umeshapanda. Alisema mambo mengi. Ng'ombe wawili wa zizini wanakula nini saa ngapi, jirani ataleta majani siku gani, dawa za presha za mama, mahindi ya loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa mgando, magadi, ufunguo wa stoo. Mimi katika yote hayo nilisikia jambo moja: "Na maji yako ya nywele nimekukingia, yapo nyuma ya mlango, nimeyafunika." Nikamkumbatia kwa hayo tu. Hayo mengine yalipita masikioni kama upepo.

Wiki ya kwanza ilikwenda. Kila asubuhi niliamka kabla ya mama, nikaketi mlangoni kwake ili akifumbua macho akione kichwa kwanza. Alinitazama, akapapasa kitabu cha nyimbo chini ya mto, akasoma, akasema, "Umeamka." Mimi nikashusha pumzi. Tulichambua kahawa, tukapika, tukaota jua, yeye juani mimi kivulini. Kuna wakati alinifundisha upya kushona tundu la kifungo, mimi ninayeishi kwa kushona, nami nilimwacha anifundishe. Nilifurahi sana siku zile, na furaha yenyewe ilizidi kunitia woga.

Jumamosi ilipofika, kichwa kilinuka moshi wa kuni na kiliwasha. Wiki ilikuwa imetimia. Saa nane mchana mama alilala kwenye kiti cha baraza, nami nikaenda jikoni. Nyuma ya mlango wa nje ilikuwepo ndoo, imefunikwa kwa sinia. Nikafunua. Maji yalikuwa yametulia, maangavu kabisa, na chini kabisa tope kidogo, nikajua ni vumbi la bati. Nikayachota kwa uangalifu nisilitibue tope. Nikambariki wifi kwa jina la Baba na Mwana.

Niliinama nyuma ya nyumba kwenye migomba. Maji yalikuwa ya baridi kama nilivyoagizwa. Yalikuwa pia laini ajabu, yanateleza vidoleni utafikiri yametiwa kondishena, nikajisemea, kumbe msusi hakukosea, maji ya mvua ni dawa. Rangi ilianza kutoka. Sikushtuka, kidogo hutoka siku zote. Nikaweka tone la shampuu. Povu likaja jeusi kama la masufuria ya kuni. Nikamwagia maji mengine lisafike, likazidi weusi. Nikamwagia tena. Nilimwaga mara nne, Mungu anisamehe, nikidhani ninaokoa, na kijito cheusi kikawa kinapita kati ya miguu yangu kuelekea kwenye shina la mgomba.

Nilikimbilia kioo kidogo cha jikoni. Kichwa kilikuwa cheupe, na hapa na pale uchafu wa njano. Bibi yangu alikuwa ananitazama.

Nilimpigia wifi. Vidole vilikuwa vimelowa, simu ikakataa kunisikia mara mbili.

"Wifi, yale maji ya nyuma ya mlango..."

"Mlango upi?"

"Wa nje."

"Wifi, hayo ni magadi! Si nilikuambia pale getini? Nimeyaloweka ya ng'ombe na ya kuchemshia mahindi. Yako yapo nyuma ya mlango wa stoo. Umefanyaje?"

"Nimeoshea nywele."

Alianza kucheka, kisha akakumbuka, akakatisha kicheko katikati. "Mama yuko wapi?" akauliza.

Mtu yeyote aliyezaliwa mlimani kwetu anayajua magadi. Mahindi magumu ya mwaka mzima yanalainika kwa magadi. Maji yake yanateleza, na ukiyaonja ulimi unakunjamana. Lakini mimi nimepikia gesi mjini miaka thelathini, naloweka maharage usiku basi. Mikono yangu ilisahau kile ambacho mtoto yeyote wa Kikatiti angekitambua. Na zilibaki wiki mbili. Msusi hangenipaka kabla ya mwezi, na hata angekubali, nisingeweza kumwacha mama na moto jikoni nikashuka mjini. Nilikaa chini, nikashika kichwa. Kesho asubuhi atafumbua macho na kumwona yule mwanamke ameketi mlangoni kwake. Na keshokutwa. Siku kumi na nne za kujikinga uso kwa kiwiko.

Hofu humfanya mtu mjinga. Nilitazama huku na huku nikaona masufuria yamepangwa kwenye kichanja, matako juu, masizi yamekolea. Nikawaza, masizi ni meusi. Nikaweka kiganja kwenye sufuria kubwa, nikapangusa kwa nguvu, nikakiinua nikitazame kama kimeshika rangi ya kutosha.

"Nilisugua kwa majivu, mama."

Alikuwa amesimama mlangoni, kitabu cha nyimbo kwapani. Hakunitazama usoni. Alikitazama kiganja changu cheusi.

"Shikamoo mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisugua. Nitasugua tena."

Miguu yangu ilitaka kukimbia kama siku ile. Lakini siku ile wifi alikuwepo. Leo nikikimbia atabaki peke yake na masufuria, na moto, na huyo mama mkwe kichwani. Nilisimama pale maji yakinitiririka mgongoni, nikaogopa kunyamaza na nikaogopa kusema. Neno lenyewe lilikuwa zito. Mtoto hamwitikii mzazi wake marahaba. Hata kwa utani ulimi unakataa. Nilimwona akianza kuinua kiwiko.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Kiwiko kikasimama hewani.

"Sufuria ni safi," nikasema. "Masufuria yote ni safi. Huo weusi ni wangu mimi. Njoo ukae."

"Nikae?"

"Kaa. Umefanya kazi tangu asubuhi."

Alikaa kwenye ncha ya kigoda, tayari kuinuka akitumwa. Nikakaa sakafuni mbele yake ili niwe chini kuliko yeye. Nje kuku walikuwa wanaparua kwenye migomba, kwenye rangi yangu. Kisha mama akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akanisogelea.

"Mama, naweza kukuomba jambo?"

"Omba."

"Usimwambie binti yangu."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba simjui." Alikuwa ananong'ona. "Yumo humu humu, ametoka kidogo tu. Ni mtu mwema, ananipikia. Lakini uso wake haukai, mama. Ninaushika, unatoka. Nikimuuliza yeye ni nani atalia. Basi nimefanya ujanja."

Akafungua kitabu cha nyimbo katikati. Palikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo inataka kukatika, na kipande cha penseli kilichochongwa kwa wembe. Aliniwekea karatasi mkononi. Niliujua mwandiko ule, mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama kwenye mstari bila kuegemeana.

*Mwenye nywele nyeusi, asiyejifunga kitambaa, ni binti yangu. Nisimwulize yeye ni nani. Ataumia.*

Niliisoma mara tatu. Jumamosi zote zile alizofungua kitabu kwanza. Asubuhi zote za wiki ile, mkono ukipapasa chini ya mto. "Umechelewa, mbona umekonda," maneno ambayo yangemfaa mtoto yeyote, wa mtu yeyote. Mimi mjini naogopa mvua, yeye mlimani anaogopa nitakapotokea getini. Mimi nalinda rangi yangu, yeye analinda karatasi yake, kila mmoja akimficha mwenzake. Na mimi nimetoka kuimwaga rangi kwenye shina la mgomba. Niliogopa kuliko siku zote. Kamba iliyotuunganisha ilikuwa moja, na nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu.

Nikachukua penseli. Sikufikiri sana. Juu ya neno nyeusi, pale penye nafasi, niliandika: *au nyeupe*. Kidole gumba kiliacha alama ya masizi pembeni. Nikamrudishia.

Aliisogeza karibu na macho, akasoma, akakunja uso.

"Mwandiko gani huu?" alisema, na ilikuwa sauti ya darasani, ile niliyoizoea tangu utotoni. "Maneno yanapanda mlima. Na karatasi umeichafua."

"Nisamehe," nikasema.

Akaninyang'anya penseli, akageuza karatasi upande safi, akaiweka juu ya kitabu gotini na kuanza kunakili upya, taratibu, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Sikuthubutu hata kujifuta maji ya machoni. Alipomaliza alisoma kwa sauti, kidole kikipita chini ya kila neno.

"Mwenye nywele nyeusi au nyeupe, asiyejifunga kitambaa, ni binti yangu. Nisimwulize yeye ni nani. Ataumia."

Akatazama kichwa changu. Akatazama karatasi. Akatazama tena kichwa, muda mrefu, na moyo wangu ukawa unagonga mpaka nikahisi atausikia. Kisha akaikunja karatasi, akairudisha kwenye wimbo wake, akafunga kitabu.

"Umelowa," akasema. "Utapata mafua."

Mpaka leo sijui kama alinijua au aliitii karatasi tu. Sikumwuliza.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akaitika, akaniletea ungo wa maharage nimsaidie kuchambua.